Bwawa halikukua, bonde ndilo lililokua

Usiku mmoja wa Aprili 2018, saa tano na mvua haijakatika, nilisimama juu ya tuta la silanga yetu, bwawa la udongo la shambani, nikimulika maji kwa tochi. Yalikuwa yamebakiza shubiri mbili kufika juu. Mkondo wa ziada, ule mtaro wa pembeni ambao huyapisha maji mafuriko yakija, ulikuwa umezibwa kwa magunia ya mchanga. Niliyapanga mimi mwenyewe mvua za vuli zilipokuwa zikiisha, ili nibaki na maji ya kumwagilia kabichi wiki chache zaidi. Mimi, ndugu yangu na vijana wawili wa jirani tuliyatoa moja moja hadi saa nane za usiku, maji yakitupiga magotini.

Ukuta ulisimama. Wiki mbili baadaye, jioni ya tarehe 9 Mei, bwawa la shamba la binafsi lilipasuka huko Solai, Kaunti ya Nakuru, na zaidi ya watu 40 wakafa. Nilisikiliza habari hizo nikiwa nimekaa jikoni na mama yangu, na sikuweza kumtazama usoni.

Naandikia wewe uliye na bwawa la udongo shambani, ulilochimba au ulilorithi, na ambaye hujawahi kuuliza liko daraja gani la hatari. Mimi nilikaa miaka kumi na moja bila kuuliza.

Silanga yetu iko Laikipia, katika kipande kilichokatwa kutoka shamba kubwa la mlowezi. Ilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe wake, na wakati huo chini yake palikuwa malisho tu hadi kwenye barabara. Shamba lilipogawanywa, ukuta ukabaki upande wetu na bonde likawa la watu wengine. Leo, ukiteremka na mkondo huo, nyumba ya kwanza iko mita 400 kutoka kwenye ukuta. Zinafuata nyingine kumi na tatu, na darasa la chekechea la mabati.

Nchini Kenya, kanuni za usimamizi wa rasilimali za maji za mwaka 2007 ziliyapanga mabwawa katika madaraja matatu. Daraja A, la hatari ndogo, ni lenye kina cha maji kisichofika mita 5 na ujazo ulio chini ya mita za ujazo 100,000. Daraja B linafika karibu mita 15 na mita za ujazo milioni moja, na C ni juu ya hapo. Ukubwa wa eneo linaloleta maji nao huhesabiwa. Kadiri daraja linavyopanda, ndivyo anayetakiwa kuchora, kusimamia na kukagua anavyopaswa kuwa na ujuzi zaidi.

Nilikuwa na hakika kwamba langu ni A. Nilikuwa nimetumbukiza mti mrefu katikati ya maji ukagota kwenye mita 3. Kumbe mti uligota kwenye tope, na tope la miaka mingi halipunguzi urefu wa ukuta hata kidogo. Teremka nyuma ya ukuta, upande usio na maji, mahali palipokuwa mto zamani, upime kutoka pale hadi usawa wa mkondo wa ziada. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukijazwa maji kama wanavyofanya waashi, unatosha kupata usawa. Mimi nilipata mita 5 na sentimita 20.

Ujazo nao unakadiriwa kwa hesabu ya karatasi moja. Zidisha upana wa maji kwenye ukuta, kina kirefu zaidi, na urefu wa maji kutoka ukutani hadi yanapoishia kule juu, kisha ugawe kwa 6. Kwangu ilikuwa 90 mara 5.2 mara 310, gawa kwa 6: karibu mita za ujazo 24,000. Ukiandika hivyo haishtui mtu. Mimi nilishtuka nilipohesabu kwa bauza, yale malori ya maji ya lita elfu kumi tunayonunua wakati wa kiangazi. Ni bauza 2,400, zimeegeshwa juu ya chekechea.

Kwa ujazo nilikuwa mbali kabisa na mpaka wa daraja A, lakini kina kilikuwa kimeuvuka. Na kama ningemsikiliza mkandarasi aliyekuja na tingatinga, akaniambia atoe tope na kuinua ukuta mita moja "bila makaratasi," ningeuvuka zaidi bila kujua. Kuinua ukuta ni kujenga bwawa jingine juu ya lile la zamani. Kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, tathmini ya mazingira, na mtaalamu aliyesajiliwa. Gharama iliniuma, sitaficha. Niliuza fahali mmoja.

Mtaalamu huyo alipofika hakuanza na ukuta. Aliomba tuteremke bondeni kwa miguu. Tulitembea karibu kilomita mbili, akihesabu milango na kuuliza nani hulala wapi. Akanieleza kwamba Afrika Kusini bwawa lenye ukuta wa zaidi ya mita 5 na maji zaidi ya mita za ujazo 50,000 huhesabiwa kuwa na hatari ya usalama, na daraja lake halipangwi kwa ukubwa tu. Hutazamwa pia kitakachopotea likipasuka, kiasi kwamba ukuta unaoitwa mdogo unaweza kupandishwa daraja kwa sababu ya watu wanaoishi chini yake. Langu, kwa ujazo, lisingehesabiwa hata huko. "Lakini wewe umeziona nyumba," akaniambia.

Katika nyumba ya tatu tulimkuta nyanya mmoja akichambua maharagwe. Nilimsalimu, akaitikia, kisha akaniambia: "Mwanangu, mvua ikinyesha sana sisi hulala na viatu." Miaka yote hiyo. Hakuwahi kuja kunilaumu, na mimi sikuwahi kwenda kumuuliza.

Basi fanya hivi kabla ya jambo lingine lolote: teremka bonde lako. Usitosheke na picha ya simu. Na urudi kila baada ya miaka miwili, kwa sababu nyumba hujengwa wewe ukiwa mjini, na hatari ya bwawa lako hupanda bila ukuta kusogea hata inchi moja.

Kuhusu ukuta wenyewe, la kwanza ni mkondo wa ziada. Tuta la udongo halistahimili maji kupita juu yake. Yakianza kuukata mgongo, ufa huwa mlango kwa muda mfupi sana. Mai Mahiu, Aprili 2024, maji yaliyoua watu yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya kalvati kuziba. Hilo halikuwa bwawa la mtu, lakini njia ya maji ilipozibwa liligeuka bwawa. Kwa hiyo usiweke magunia, wala wavu wa samaki, wala ua wa miti ya kuzuia ng'ombe hapo.

La pili ni maji yanayochuruzika nyuma ya ukuta. Unyevu kidogo ni kawaida kwa udongo. Kinga maji hayo kwenye chupa nyeupe, uyaache yatulie. Yakiwa safi, pima yanajaza ndoo kwa muda gani, uandike tarehe, ulinganishe mwezi ujao. Yakiacha tope chini ya chupa, ukuta unaliwa kutoka ndani. Mwite mtaalamu siku hiyo hiyo na uwaarifu walio chini. Angalia hasa pale bomba linapopita ndani ya tuta, na penye mashimo ya fuko na vichuguu vya mchwa. Ukilazimika kupunguza maji, yapunguze polepole, kwani ukuta uliolowa ukiachwa ghafla bila maji ya kuuegemeza, upande wa ndani huporomoka. Mti mkubwa uliokwisha kumea juu ya tuta usiung'oe kwa pupa pia: mizizi ikioza huacha mifereji.

Silanga yangu haikuinuliwa. Tulipanua mkondo wa ziada, tukaushusha sentimita 60, na kina sasa ni mita 4 na sentimita 60. Nimepoteza maji, na kabichi nimezipunguza robo ekari. Nina namba za simu za nyumba zote kumi na nne, chifu anazo, na mwalimu wa chekechea ana filimbi. Mvua kubwa zilipokuja 2024 nilimpigia nyanya saa mbili za usiku kumwambia maji yako wapi. Aliniuliza kama mkondo uko wazi. Nikamwambia nimesimama ndani yake.

"Haya," akasema, "basi ngoja nivue viatu."