Jibu: Je, wasomi wa China ya kale waliandika mashairi tu?

Hapana ndugu yangu, si mashairi tu kama ulivyouliza. Mtazame Shen Kuo, ofisa wa serikali wa enzi ya Song (ukoo wa wafalme wa China) aliyefariki mwaka 1095. Alieleza jinsi ya kuning'iniza sindano ya sumaku kwa uzi wa hariri, ukigandishwa katikati yake kwa nta kiasi cha punje ya haradali, mahali pasipo upepo. Akaona haielekei kusini kamili, hupinda kidogo upande wa mashariki!

Kinachonigusa zaidi ni habari za Bi Sheng (Bi hapa ni jina la ukoo), mwanamume wa kawaida asiye na cheo, aliyechonga herufi kwenye udongo, akazichoma zikawa ngumu, akazipanga kwenye bamba la chuma kuchapia. Tunamjua kwa sababu Shen Kuo alimwandika.