"They stole me"? Basi umetekwa

Shikamoo mwalimu. Nilipoibiwa simu niliwaandikia wenzangu wa kazini "They stole me". Wakacheka. Kosa liko wapi? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Walichosoma wao ni kwamba umetekwa, umefichwa mahali. Sisi tunacho kitenzi "iba", na tukikitia kiambishi cha kutendea tunapata "ibia": wameniibia. Kiingereza hakina kiambishi hicho, kwa hiyo kazi hiyo wamevipa vitenzi viwili. "Steal" hufuatwa na kitu: "They stole my phone". "Rob" hufuatwa na mwenye mali, au mahali palipovamiwa: "They robbed me", "They robbed the bank". Na ile "I was stolen my phone", ninayoikuta kwenye insha hadi nimechoka, ni "nimeibiwa simu" iliyovalishwa tai. Sema "My phone was stolen", yatosha.

Kibaka alinichomolea pochi kwenye daladala, nikagundua nimeshashuka. Ni "I was robbed"? (Msomaji, Mbagala)

Ukimsimulia rafiki, sawa. Kwenye maelezo ya polisi, hapana. "Robbery" ni unyang'anyi: lazima pawe na nguvu au vitisho. Tofauti hiyo si ya kisarufi tu, maana Tanzania unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30. Wako ni "pickpocket", na alichofanya ni "theft", wizi.

"Burglary" ni lazima iwe usiku? (Msomaji, Nakuru)

Kwenu Kenya, ndiyo. Kuvunja nyumba na kuingia kwa nia ya kutenda kosa kubwa ni "housebreaking". Likifanyika usiku ndipo linaitwa "burglary", na adhabu hupanda kutoka miaka 7 hadi 10. Sheria imeutaja hata usiku wenyewe: saa 12 na nusu jioni hadi saa 12 na nusu asubuhi. Uingereza iliachana na sharti la usiku kwa Sheria ya Wizi ya 1968, kwa hiyo huko hata saa saba mchana ni "burglary". Na mwizi akikurupushwa kabla hajagusa kijiko, nia aliyoingia nayo inatosha kumtia hatiani.

Eti "rob" na "robe" ni neno moja? (Msomaji, Mombasa)

Ni ndugu. Yote mawili yalipitia Kifaransa cha kale, na mzizi wao wa Kijerumani ulimaanisha nyara. Zamani nguo ilikuwa mali ya kuporwa, ndipo "robe" ikaja kuwa vazi. Joho la jaji nalo limo kwenye ukoo huo.