Wala mimi sikujua

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Unatambuaje kwamba Mungu yupo nawe katika siku ya kawaida?" Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Mara nyingi simtambui akiwapo. Namtambua akishapita.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi Desemba, mume wangu alipatwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ukalala. Kila fundi anaijua Desemba: sare za shule zimerundikana, wazazi wameshatoa kianzio, na Januari shule zinafunguliwa. Mchana namgeuza mgonjwa, namwosha, namlisha uji kwa kijiko. Usiku nakanyaga cherehani hadi macho yanakataa. Rozari naianza, usingizi unanichukua katikati. Nilimwambia Mungu waziwazi kwamba ameniacha.

Siku zile alikuwa akija bibi mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani. Hakuwa na maneno mengi. Anapiga hodi, anamjulia hali mgonjwa, anaketi mkekani na kuanza kushona vifungo kwa mkono. Macho yake hayakuona tundu la sindano, basi mimi namtungia uzi sindano tano sita, kisha naingia ndani kumwosha mume wangu. Nikitoka nakuta mashati yamekunjwa. Alikuja hivyo karibu mwezi mzima. Nami namshukuru, namsindikiza hadi barabarani, nikirudi ndani namlalamikia Mungu kwamba hajaleta msaada.

Wakati wa Kwaresima tukasoma Mwanzo 28 kwenye jumuiya. Yakobo anamkimbia kaka yake Esau baada ya kumpokonya baraka ya baba yao. Jua limemchwea njiani, kichwa amekilaza juu ya jiwe. Hakuwa amekwenda kusali. Usingizini anaota Mungu akisema naye, anaamka na kusema: "Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua." Mji ule uliitwa Luzu, yeye akapaita Betheli, yaani nyumba ya Mungu. Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma, na bibi ameketi mbele yangu. Nikavitazama vidole vyake, sauti ikanikatika. Mwingine akanipokea Biblia, akamalizia.

Ndiyo maana naumia nikisikia mtu akiambiwa kwamba asipohisi kitu moyoni, basi imani yake ni haba. Yakobo alikuwa amelala! Na mkono wa mume wangu hadi leo haukunji ngumi. Ningengoja upone ndipo nimtumaini Mungu, ningekuwa nangoja bado.

Tangu utotoni tulifundishwa kutafiti dhamiri kabla ya kulala, nami nilikuwa nahesabu dhambi tu. Padre mmoja akatueleza kwamba Mtakatifu Inyasi wa Loyola, huko karne ya 16, aliweka shukrani iwe hatua ya kwanza, kabla hujagusa makosa yako. Siku hizi nikishafunika cherehani naanzia hapo: leo nani alipita, kipi kilinifikia ambacho sikukiomba? Kuna jioni sipati chochote. Nasali Baba Yetu, nalala hivyo hivyo, maana hata mwezi ule wa vifungo sikuwa nimeona kitu.

Jana nilipata. Kijana wa bajaji alimrudisha mume wangu kutoka kliniki, akamshika kwapani kumshusha, akaona kamba ya kiatu imefunguka. Akapiga magoti vumbini, akaifunga, ndipo akadai nauli yake.