Upemba: Usianze na Jipu

Jumatatu asubuhi nimekuta ujumbe wa kijana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi: "Papa, mwezi wa kumi na mbili nataka kupeleka familia mbuga ya Upemba, siku nne, tuone punda milia na tuvue samaki. Nikodi jipu la aina gani?" Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Halafu kicheko kikaniishia, maana maneno hayo, pamoja na zile siku nne, niliyasema mimi mwenyewe miaka mitatu iliyopita.

Najua mnaonisoma mna kiu ileile. Tumechoka kuambiwa kwamba wanyama wako Kenya (nchi, si komini yetu ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi) na Tanzania. Mbuga yetu imekuwepo tangu 1939, na punda milia wa mwisho wa Kongo nzima wako kwetu, kule juu kaskazini ya Likasi. Mtu wa Lubumbashi afe bila kuwaona? Ndivyo nilivyowaza. Nikakodi jipu zuri kupita uwezo wangu, bidoni tatu za mazutu, dereva aliyeapa kwamba njia anaijua, kamera ya kuazima, ndoano dazeni moja. Na shemeji yangu, ambaye sikumwalika.

Habari za njia naziruka. Mpaka Likasi kuna lami, baada ya hapo kuna vumbi na matusi.

Tulifika Lusinga, kwenye kituo cha mbuga, jioni ya siku ya pili. Sisi tunadhani baridi ya mwezi wa sita hapa mjini ndiyo baridi. Lusinga iko kwenye mita kama 1,800 juu ya bahari, na upepo wa ule uwanda hauna mti wa kuuzuia. Mlinzi mmoja mtu mzima akatupokea kwa upole. Hakuomba kwanza kibali, ambacho pia sikuwa nacho. Aliuliza tu: "Papa, nani anajua kwamba unakuja?"

Sikuwa na jina hata moja la kumtajia.

Tulilala garini. Kesho yake tukasubiri, wakituulizia kwa wakubwa wao, na mchana wakatupa mlinzi wa kututembeza nusu siku. Punda milia hatukuwaona. Tuliona kinyesi chao, kikavu. Nikasema basi, twende ziwani tuvue. Mlinzi akanyoosha mkono kuelekea ukungu: uwanda unakatikia kwenye kingo za milima ya Kibara, na Ziwa Upemba liko chini kule, zaidi ya mita elfu moja chini ya miguu yetu. Tena mbuga si mto wa kijijini, huvui unapotaka. Dereva wangu anayejua njia akawa anaangalia viatu vyake.

Shemeji alitangulia kufika mjini, na habari ikatangulia naye. Mpaka leo kuna watoto Kenya (komini sasa) wanaoniita Papa Punda. "Papa Punda, ulileta samaki?" Huwa nacheka nao. Sipendi.

Mwaka huu nimerudi. Safari hii nilianza na mtu. Yule mlinzi nilikuwa na namba yake, nikampigia mwezi wa tano, nikampigia tena, akanieleza nani wa kuandikiwa, kibali kinachukua muda gani, nitalala wapi. Mwezi wa saba nikapanda na makoti mawili. Alfajiri ya siku ya tatu walikuwa pale, kumi na mmoja, wamesimama kwenye majani ya manjano wakitutazama sisi tuliokuja kuwatazama. Kamera niliisahau shingoni.

Ziwa nililiwekea safari yake, mwezi wa tisa, kwa treni mpaka Bukama halafu mtumbwi wa injini kwenye mto Lualaba. Lile bonde ramani nyingine huliita Kamalondo, kama komini yetu, na hakuna mtu wa Kamalondo niliyemwambia akaniamini. Hapo pia nilianza na mtu: mvuvi, shangazi yake anauza samaki wa kukaushwa sokoni kwetu. Ziwa halina kina, pondo linagusa tope. Alinionyesha vyandarua vya mbu vilivyogeuzwa nyavu, vinazoa mpaka vitoto vya samaki, akatema mate majini. Katika matete yale yuko swala wa kinamasi ambaye wataalamu walimtenga kuwa aina yake mwaka 2005, hayuko mahali pengine duniani. Sikumwona. Ndoano zangu dazeni zilinipa tilapia mmoja na kambale wa kiganja, tukawala na bukari, ugali wetu, na sijawahi kula samaki mtamu vile.

Vijana, tatizo lenu ni picha. Mnataka kuwa mmefika, hamtaki kwenda. Mnauliza jipu, simu ya kamera nzuri, bei. Ulizeni mtu! Walinzi wa kule wameuawa kazini na wanamgambo wa Mai-Mai zaidi ya mara moja, kwa hiyo kupiga simu kabla si adabu tu, wao ndio wanajua njia ipi leo haipitiki. Anza na mtu. Ukishapata mtu, jipu litapatikana. Nimesema mara tatu, nitasema na ya nne.

Kwa hiyo, mwanangu wa Katuba: mwezi wa kumi na mbili hapana, mvua imekwisha kula barabara. Ngoja kuanzia mwezi wa sita. Uwanda safari yake, ziwa safari yake, na watoto wadogo uwapeleke Bukama kwanza, Lusinga wakikua.

Shemeji ameona picha chache nilizopiga, ameuliza tunarudi lini. Nimemwambia aanze kwa kulipa nusu yake ya mazutu ya safari ya kwanza.