Maswali ya Wachezaji: Kijitabu cha Sheria Si cha Kufungia Karanga

Wanaouliza "mchezo gani ni mzuri?" bila kutaja wachezaji ni wangapi wala umri wao, nimewaweka kando kama kawaida.

Papa, Monopoly yetu inaanza saa nane mchana, saa mbili usiku bado tunacheza. Si mchezo mbaya huo?

Mchezo hauna kosa. Najua kwenu faini zinarundikwa katikati ya ubao na anayeangukia Parc Gratuit, mraba wa maegesho ya bure, anazibeba. Kijitabu hakisemi hivyo. Faini ni za benki. Tena mtu akifika kwenye kiwanja kisicho na mwenyewe akakataa kukinunua, benki inakinadi papo hapo. Mnada huo mnauruka, viwanja vinabaki bila wenyewe, waliofilisika wanafufuliwa na pesa za bure, halafu lawama kwangu. Na nyumba ni 32 tu, hoteli 12. Zikiisha, hakuna kujenga. Kuna meza nimekuta njiti za kiberiti zimegeuzwa nyumba! Uhaba huo ndio silaha: mjanja anakaa na nyumba nne nne, hoteli hataki, ili wenzake wakose. Elizabeth Magie, Mmarekani aliyepata hataza mwaka 1904 ya mchezo uliozaa huu, alitaka watu waone kodi inavyomnenepesha mwenye ardhi. Kuumia ndiko kwenyewe.

Kwenye dame (drafti), mwenzangu akisahau kula, napuliza kete yake, yaani naiondoa kama adhabu?

Hapana. Kwenye ubao wa miraba 100 kula ni lazima, na unafuata njia yenye kete nyingi zaidi. Akisahau, anarudisha kete na kula. Kupuliza waachieni wazee wa chini ya mwembe.

Yaya, tulijaribu Scrabble kwa Kiswahili, tukakwama.

Mlitumia sanduku la Kifaransa. Lina herufi 102: E ni 15, A ni 9, na K, W, Y, Z ni moja moja, kila moja pointi 10. Andika KUKU basi: K ya pili utaitoa wapi, kama hukushika kile kigae kitupu kinachosimama badala ya herufi yoyote? Na aliyeokota W anaweka WA, anachota pointi 11 bila jasho. Mimi nilinunua sanduku la pili, bovu, soko la Kenya (mtaa wa hapa mjini, si nchi), nikageuza E za ziada na kuandika mgongoni K, W na A kwa kalamu ya wino, zote pointi 1. Kisha chagueni kamusi moja kabla ya kugawa herufi. Hapa Lubumbashi kila mtaa una Kiswahili chake, mkianza kubishana hamtacheza.

Nacheza sataranji kwa ujumbe wa simu na rafiki wa Ndola, Zambia. Hatuelewani.

Mtaelewana vipi? Wewe unafuata Kifaransa, R ni mfalme. Yeye Kiingereza, R ni ngome. Acheni herufi za kete, tajeni mraba wa kutoka na wa kwenda. Wachezaji wa barua wa kimataifa hutumia tarakimu tupu: e2-e4 ni 5254, maana e ni safu ya tano. Hujauliza kuhusu kusaidiwa na kompyuta, lakini utauliza. ICCF, chama cha sataranji ya barua, kinairuhusu. Kama nyinyi hamtaki, semeni sasa, si baada ya kufungwa. Pangeni pia siku za kufikiri, maana yule anayeishiwa mega za intaneti kila akizidiwa mnamjua.

Kisolo inauzwa duka gani?

Duka! Kisolo ni mchezo wa mbegu kama bao: safu nne, mashimo saba kila safu. Udongo upo, mbegu zipo. Watu wanatoa dola kwa masanduku ya Ulaya, na mchezo wa babu zao wanautafuta dukani.

Masanduku yangu yananuka ukungu.

Kila msimu wa mvua swali ni hili hili. Toa masanduku chini ya kitanda, yatenge na ukuta. Anika kadi kivulini kwanza. Ukivisha nailoni kadibodi mbichi, ukungu umeufungia ndani. Vile vifuko vya punje za kunyonya unyevu vya kwenye masanduku ya viatu usitupe. Na rafu iwe na miguu ya chuma, mchwa wa huku hawabagui mlango na ubao.

Utaniazima mchezo wa Catan wikendi hii?

Hapana. Wa mwisho alirudisha dadu moja. Zinatakiwa mbili.