Bombo hadi Kampala kila siku: nguvu za farasi 54 zinanitosha

Kila nikisimama kuweka mafuta Matugga, vijana wa boda huizunguka pikipiki yangu, na swali lao huwa moja: "Mzee, hii inapiga ngapi?" Nikiwaambia kwamba siku nyingi niko kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, nyuso zinabadilika. Basi nawaandikia wao, na yeyote anayefikiria kushuka kwenye Boxer, ile pikipiki ndogo ya boda, apande pikipiki kubwa kidogo ya kutumia kila siku.

Naishi Bombo, Uganda, kazi yangu iko Wandegeya, mjini Kampala. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 70. Mwaka wa nne huu naendesha Honda NC750X niliyoipata mkononi kwa mtu. Injini yake ni ya CC 745, silinda mbili, nguvu za farasi 54. Ziko pikipiki za mbio za CC 600 zenye nguvu mara mbili ya hizo, lakini nguvu zenyewe hazitoki mpaka injini ipite mizunguko 10,000 kwa dakika. Utaifikisha wapi mizunguko hiyo kati ya Kawempe na Bwaise? Yangu huvuta vizuri kabisa kabla ya 5,000. Nikiwa nyuma ya lori lililosheheni mananasi ya Luweero, linapanda kilima kwa kujikokota, nafungua mafuta kidogo nikiwa gia ileile na nimeshalipita. Hiyo ndiyo nguvu mtu anayoitumia asubuhi na jioni.

Kilichonishinda mwanzoni ni uzito. Boxer ni nyepesi, ni kama kilo 120 tu. Hii ikiwa na mafuta inakaribia 220. Wiki ya kwanza niliiangusha mlangoni kwangu, tena nikiwa karibu nimesimama. Nilikata kona ya kuingia getini, usukani umepinda mpaka mwisho, kuku akakatiza, nikabana breki ya mbele. Ililala upande wa kushoto, mkono wa klachi ukavunjika, na tukaiinua watu watatu.

Tangu siku hiyo nina kanuni: usukani ukiwa umepinda na mwendo ni wa mtu anayetembea, vidole vyangu haviko kwenye breki ya mbele. Natumia breki ya nyuma, klachi naiachia nusu, na macho nayapeleka ninakotaka kwenda, si kwenye tairi. Ukiinunua leo, usianze kwa kuijaribu mwendo. Tafuta uwanja mtupu Jumapili asubuhi, weka mawe mawili, yazunguke kwa umbo la nane mpaka uone raha. Mimi nilifanya hivyo Jumapili tatu.

Kwenye foleni, usiwafuate boda kila wanapopenya. Wao ni wembamba, wewe una vioo na makasha ya pembeni. Pakiwa pembamba nakaa nyuma ya gari kwa utulivu wangu. Kabla ya kuhama upande nageuza shingo, kwa sababu boda hupita kushoto na kulia kwa wakati mmoja na kioo hakiwaonyeshi wote.

Mvua ya Bwaise ni habari nyingine. Matone ya kwanza ndiyo mabaya zaidi, maana oili iliyomwagika barabarani inaelea juu na michoro myeupe inakuwa kama sabuni. Maji yakishajaa, siingii mahali ambapo sioni gari dogo likipita mbele yangu. Chini pana mitaro na mashimo ambayo jana hayakuwepo. Nikilazimika, napita kwa gia ya kwanza, mafuta nayashikilia palepale bila kuachia, mpaka nitoke upande wa pili. Siku nyingine nageuza tu, nakunywa chai Kawempe nikisubiri yapungue.

Mama yangu alizoea kukaa upande kwenye boda, kama wamama wengi hapa kwetu. Nilimwambia, "Mama, kwenye hii utakaa kwa kutanua miguu." Akaniangalia. "Wewe mwanangu, tangu lini unanifundisha kukaa?" Nilimweleza kwamba akikaa upande mmoja uzito unavuta, na nikifunga breki ghafla hana pa kushika. Alirudi ndani kimya, akatoka amevaa suruali chini ya gauni na helmeti ameishika mkononi. Nilimpeleka Luweero msibani na kumrudisha, na ndiye abiria mtulivu kuliko wote niliowahi kubeba. Helmeti ya abiria iwe yake na imkae vizuri. Ile inayozunguka kichwani haimsaidii kitu.

Matunzo: kitabu kinasema oili ibadilishwe kila kilomita 12,000. Kwa vumbi letu jekundu mimi nabadilisha kwa 6,000, na chujio la hewa nalitazama kila mara nikitoka kwenye barabara ya murramu. Mnyororo nausafisha kwa mafuta ya taa na brashi laini kila wiki mbili, kisha naupaka oili ya gia. Usikubali fundi auoshe kwa petroli, inaharibu zile raba ndogo za ndani. Rimu hazina spoki na tairi hazina tyubu, kwa hiyo kamba za pancha na pampu ndogo hukaa daima kwenye kasha la mbele, pale ambapo pikipiki nyingine huweka tangi. Tangi la hii liko chini ya kiti, lita 14, na kwangu hazijawahi kunipeleka chini ya kilomita 350.

Tairi ndizo zitakazokusumbua. Saizi ya nyuma, 160/60-17, si ya kuipata kwenye duka la spea za boda. Mimi huagiza Nairobi zikaja kwa basi, na huagiza mapema, kashata za tairi (yale matuta ya mpira) zikiwa bado zinaonekana, maana niliwahi kusubiri wiki tatu nikipanda teksi.