Nilivyopigwa kofia Muscat

Mwenzenu nilipigwa mapema sana. Siku ya kwanza tu Oman, begi lenyewe sijafungua vizuri, nikakimbilia soko la Muttrah, nikaona zile kofia zao, kumma, nzuri balaa, muuzaji ananiapia kabisa hii ya mkono, nikatoa riyal 8 bila hata kuomba punguzo nikijisemea hii ya mjomba Unguja. Sasa mjomba mwenyewe kashona kofia za viua maisha yake yote jamani. Akaipokea, akashukuru, akaigeuza ndani nje, kimya, halafu akaanza kucheka. "Mjomba, hii ya mashine bwana."

Akanionyesha. Ya mkono ukiiangalia kwa ndani utaona kila kitundu kimezungushiwa uzi peke yake na havifanani sawasawa, hiki kikubwa kidogo hiki kidogo, maana ni mtu kakaa nayo wiki kadhaa. Ya mashine maua yote mapacha, na kwa ndani nyuzi zinaruka ruka kutoka ua hili kwenda lile.

Toka hapo mi kila kitu nageuza kwanza, muuzaji akinuna anune tu.

Zile sarafu za Maria Theresa kwa mfano, zenye picha ya mama mmoja mnene, wazee wetu wa pwani nao walizitumia, utaambiwa hii ya kale sana ona imeandikwa 1780. Zimefyatuliwa miaka na miaka baadaye na zote zinaandikwa 1780 hiyohiyo, kwa hiyo mwaka usikubabaishe, lipia madini ya fedha yaliyomo basi. Khanjar, lile jambia la kiunoni, ukiambiwa mpini ni pembe ya kifaru achana nalo hata kama bei tamu, mpakani utakuja kulia. Na hata la kawaida liweke kwenye begi la chini, sio la mkononi.

Ubani ndo usiogope kununua, huo kweli ni wa kwao, unatoka Dhofar. Ulizia hojari, madonge yanayopitisha mwanga, meupe yanaenda kijani hivi, na omba wakuchomee kidogo unuse.

Halafu Kiswahili chako usikifiche! Safari ya pili nilikuwa Nizwa, mji mwingine wa hukohuko Oman, nabishana bei ya kofia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, nikaropoka "mh, ghali bwana", mzee aliyekaa pembeni na kahawa yake akageuka, "Umetoka wapi mwanangu?" Nikampa shikamoo, kumbe kazaliwa Zanzibar. Akaniambia taratibu hiyo uliyoshika imetoka kiwandani India, akanipeleka mwenyewe duka la tatu ndani kabisa ambako kofia zilikuwa nne tu, zimekunjwa kwenye mfuko wa nailoni. Riyal 30. Nikageuza, nikalipa.

Mjomba nae kaigeuza. Safari hii hakucheka, aliuliza tu kama mshonaji ni mwanamke.